Rauta ilishwe masalia, si misitu

Kila ubao unaoingia katika karakana ya seremala huacha kipande. Fundi anayetengeneza mlango wa mninga hukata ncha zilizopasuka, huondoa upande uliojipinda, hupunguza urefu uliozidi, na jioni kona ya karakana huwa imejaa vipande vya urefu wa mkono au nusu yake. Katika mitaa ya useremala kama Keko jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, vipande vya aina hiyo kwa kawaida huishia kuwa kuni. Hasara yenyewe huwa imeanza mbali zaidi, kwenye mashine za kupasulia magogo, ambako mara nyingi chini ya nusu ya gogo ndiyo inayotoka ikiwa mbao ya kuuzika, na iliyobaki ni mabanzi, unga na vipande vifupi. Mninga, mkongo au mvule uliochukua miongo ya miaka kufikia unene wa kupasuliwa hugawanywa hivyo: sehemu ndogo inakuwa samani ya kurithisha watoto, sehemu kubwa inakuwa majivu kabla ya mwezi kwisha. Tumelizoea jambo hili kiasi kwamba halihesabiwi tena kuwa hasara, ingawa kila fundi analalamika kuwa mbao nzuri zinazidi kuadimika.

Ipo mashine ndogo, tayari imo mikononi mwa mafundi wengi wa samani, inayoweza kubadili hesabu hiyo. Mafundi wanaiita rauta. Wengi wao huitumia kwa kazi moja tu, kutoa urembo kwenye kingo za milango, meza na makabati. Kazi yake nyingine, ya kuchimba kipande cha ubao hadi kikawa bakuli, chano au trei, bado haijapewa nafasi yake. Hoja ya makala haya ni kwamba inastahili nafasi hiyo, kwa sharti moja lisilolegezwa: ichimbe masalia ya mbao na miti ya shambani iliyokwisha kazi yake, isiwe sababu mpya ya kuangusha miti ya msituni. Sharti hilo halikuwekwa hapa ili kuipamba hoja. Hesabu itaonyesha kwamba bila sharti hilo hoja yenyewe haisimami.

Rauta ni mota iliyosimamishwa wima juu ya kitako bapa, ikiwa na mishikio miwili na biti inayochomoza chini. Si chombo kigeni wala kipya katika ufundi wa mbao duniani. R. L. Carter wa mji wa Phoenix, jimbo la New York nchini Marekani, alianza kuuza mashine ya aina hii wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kampuni ya Stanley ikanunua biashara hiyo mwaka 1929. Baadaye Wajerumani walitoa aina ambayo mota yake hupanda na kushuka kwenye nguzo mbili, na hapo kuchimba katikati ya ubao kukawa rahisi, kwa kuwa biti inaweza kuzamishwa hadi kina kinachotakiwa na kuinuliwa tena bila kuinamisha mashine. Uwezo wake umo katika kasi. Rauta nyingi huzunguka kati ya mara 8,000 na 30,000 kwa dakika. Biti yenye kipenyo cha milimita 32 ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, makali yake husafiri kwa takriban kilomita 120 kwa saa. Ndiyo maana huacha uso laini kwenye mbao ngumu ambayo patasi ingeihangaikia saa nzima, na ndiyo maana pia haivumilii uzembe hata kidogo.

Kazi ya kutengeneza chano kwa rauta huanza kwenye karatasi, kabla umeme haujawashwa. Fundi huchora umbo la shimo analolitaka, akalihamishia kwenye plaiwudi ya milimita 12 au zaidi, akalikata kwa msumeno mwembamba, kisha akalisugua kwa tupa na msasa mpaka ukingo wake usiwe na kibonyeo hata kimoja. Hicho ndicho kiolezo, na kosa lolote lililobaki humo litajirudia kwenye kila chombo kitakachofuata. Kiolezo hufungwa juu ya ubao, na mbao nyingi ya katikati huondolewa kwanza kwa drili yenye biti pana, fundi akiacha milimita tatu hivi juu ya kina cha mwisho. Ndipo inapofungwa biti ya bakuli, ambayo kisu chake ni bapa chini na kimeviringwa kwenye pembe, na juu ya kisu, kwenye mguu wa biti, imevikwa beringi. Beringi hutembea ukingoni mwa kiolezo bila kukata, na kisu kilicho chini yake hufuata njia ileile. Kila mkato huwa wa milimita chache tu, kisha biti huteremshwa tena. Ndani ya shimo mashine husukumwa kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na nje ya umbo husukumwa kinyume chake, ili mzunguko wa biti uikaze beringi kwenye kiolezo badala ya kuitorosha mashine mikononi mwa fundi. Shimo likiwa pana kuliko kitako cha rauta, fundi hufunga kitako kirefu zaidi ili mashine isitumbukie. Mwisho chombo hukatwa nje, kingo zikaviringwa, na msasa ukapita kuanzia namba 80 hadi 220.

Maelezo haya yanatosha kuonyesha ufundi ulipohamia. Katika kuchonga kwa tezo na patasi, uamuzi hufanyika kila mara chuma kinapogusa mti, na mkono ndio unaokumbuka. Katika kazi ya rauta, uamuzi mwingi hufanyika mapema: umbo la kiolezo, mwelekeo wa nyuzi za ubao, unene wa ukuta wa chombo, kina kinachobakiza sakafu imara, na ukavu wa mbao. Hayo yote yanadai akili, kipimo na macho ya kuona umbo kabla halijakuwepo. Anayedhani kwamba mashine imemwondolea fundi kazi ya kufikiri aangalie kiolezo kilichotengenezwa na mtu asiye na subira; mawimbi ya ukingo wake yataonekana kwenye bakuli la kwanza na kwenye bakuli la mia.

Yafaa pia kukubali mapema mahali ambapo rauta haina la kusema. Bakuli la duara lenye kina kirefu na ukuta mwembamba ni kazi ya mashine ya kukereza, na hakuna sababu ya kuilazimisha rauta iifanye. Kukereza kunahitaji mhimili mmoja, na kila kinachozunguka kwenye mhimili hutoka duara. Hapo ndipo rauta inapopata eneo lake. Chano chenye umbo la yai, trei ya mstatili yenye pembe zilizoviringwa, sahani ya vyumba vitatu vya kachumbari, pilipili na chumvi, kibakuli chenye umbo la jani au la jahazi, vyote hivyo mashine ya kukereza haiviwezi, na kwa mkono huchukua muda ambao mnunuzi wa kawaida hawezi kuulipia. Zaidi ya hapo, vyombo hivi ni vifupi kwenda chini na havihitaji gogo nene. Vinahitaji kipande cha ubao, na kipande cha ubao ndicho kinachotupwa kila jioni.

Hesabu ya trei moja

Tuchukue trei ya urefu wa milimita 400, upana wa 250 na unene wa 30. Ubao wake una ujazo wa sentimita za ujazo 3,000. Tukichimba shimo la milimita 370 kwa 220, lenye kina cha milimita 20, tutakuwa tumeondoa takriban sentimita za ujazo 1,630. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mbao, asilimia 54, imekuwa unga na vipande vidogo sakafuni, na kilichobaki mkononi ni chini ya nusu. Hiki ndicho kipingamizi kizito kuliko vyote dhidi ya rauta, na hakitoki kwa mtu mwenye chuki na mashine. Kinatoka kwenye hesabu ya darasa la sita. Fundi akinunua ubao mzima wa mkongo na kuuchimba trei, amefanya ufujaji uleule wa mashine za kupasulia, ila kwa umaridadi zaidi. Tezo nayo huondoa kiasi hichohicho cha mbao, lakini tezo ni ya polepole, na mwendo huo wenyewe huweka kikomo kwenye idadi ya miti inayoliwa. Rauta haina kikomo hicho.

Jibu la kipingamizi hiki ni lile sharti lililotajwa mwanzoni. Kipande kilichokuwa kinaelekea jikoni kimeshapotea kwa asilimia 100. Kikiokolewa kwa asilimia 46, hiyo ni faida halisi, na ule unga unaobaki bado unaweza kuwashia moto au kutandikwa kwenye banda la kuku. Kwa kazi kubwa zaidi ipo njia nyingine ya kupunguza hasara. Vipande vyembamba huunganishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, nyuzi zikilala upande mmoja, vikawa ubao mpana. Gundi hushika vizuri ubavu kwa ubavu na hushika vibaya kwenye ncha zilizokatwa kukinga nyuzi, kwa hiyo fundi anayejua kazi hupanga vipande kwa urefu wake. Mninga mwekundu ukiwekwa kando ya mbao ya mwembe isiyokolea rangi, mistari inayotokea huwa ni mapambo yasiyohitaji rangi. Trei yenye kina kirefu pia inaweza kutengenezwa kwa kuchimba sakafu kwa kina kidogo tu na kuongeza kuta kwa vipande vilivyogandishwa juu, badala ya kuchimba kina chote kwenye ubao mmoja mnene. Njia hizi zote zinahitaji rauta, na zote zinalinda mbao.

Mti upi uchimbwe

Historia ya uchongaji nchini Kenya inatuonyesha nini hutokea ufundi unapokua bila kuuliza mti unatoka wapi. Uchongaji wa vinyago vya kuuza ulipanuka sana katika karne ya 20, na makadirio ya watafiti mwishoni mwa miaka ya 1990 yalitaja wachongaji wapatao 60,000. Miti waliyoitegemea, hasa muhugu na mpingo, hukua taratibu mno. Muhugu ulipungua katika misitu ya Kenya, na watafiti waliofanya kazi chini ya mradi wa WWF, UNESCO na bustani za mimea za Kew za Uingereza wakaanza kuwahimiza wachongaji na wanunuzi kuhamia kwenye miti inayokua haraka mashambani: mwarobaini, mwembe, jakaranda na mgrevilea. Baadhi ya mwarobaini wa mashamba ya Pwani ulifikia hatua ya kupata cheti cha kimataifa cha FSC, cha miti inayovunwa kwa usimamizi mzuri. Funzo lake halijapitwa na wakati. Ufundi ulioanza kuhamia shambani baada ya msitu kupungua ungeweza kuanza huko kabla.

Mabadiliko hayo yalikuwa na ugumu wake. Mchongaji wa mkono hupenda gogo bichi kwa sababu mti mkavu ni mgumu kwa tezo, na miti ya shambani ikichongwa ikiwa mibichi hupasuka inapokauka. Mbao hunywea takriban mara mbili zaidi kwa kufuata duara la miaka yake kuliko kwa kuelekea kiini, na tofauti hiyo ndiyo inayoipasua. Kinyago kilichochongwa Mombasa kwenye hewa nzito ya bahari kikapelekwa kwenye chumba chenye joto cha nyumba ya Ulaya hupata nyufa katika majira ya baridi ya kwanza. Hapa rauta inaleta faida ambayo haizungumzwi vya kutosha: haijali ukavu. Hukata ubao mkavu vizuri zaidi kuliko mbichi, kwa hiyo fundi anaweza kupasua mwembe kuwa mbao, akazikausha kivulini kwa miezi zikitenganishwa kwa vijiti, na kuzichimba zikiwa zimekwisha kutulia. Chombo kinachotoka hakina kiini cha mti ndani yake na kimefanya sehemu kubwa ya kunywea kwake kabla hakijapata umbo. Miti iliyodharauliwa kwa kupasuka hupata heshima mpya kwa njia hiyo.

Mwembe uliozeeka na kuacha kuzaa, mfenesi wenye mbao ya manjano, mkorosho wa Mtwara uliokatwa kupisha miche mipya, masalia ya mitiki kutoka mashamba kama Longuza wilayani Muheza: hiyo ndiyo akiba ya rauta. Kila mmoja una tabia yake. Mwembe huvutia dumuzi, na kwa chombo cha chakula ni heri kuwaua kwa joto la tanuru la kukaushia kuliko kwa dawa. Mnazi una chembe ngumu zinazomaliza makali ya biti upesi. Mwarobaini ni mzuri kwa trei ya kubebea vikombe, lakini uchungu wake unautia shaka kwa bakuli la saladi. Mpingo uachwe. Una uzito unaoweza kuzidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, huzama majini, huchosha biti, na mara nyingi kiini chake kina uwazi, kwa hiyo ubao mpana ni nadra kupatikana. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamii yake yote iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Vijiji vya Kilwa vilivyosaidiwa na shirika la MCDI kupata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili vimeonyesha kwamba mpingo unaweza kuvunwa kwa mpango. Vina wanunuzi wanaoulipia thamani yake, kama watengenezaji wa zumari za magharibi. Kuuchimba trei ni kuupunguzia heshima na bei.

Je, mkono unakufa?

Kipingamizi kinachosikika zaidi ni cha utamaduni. Wapo wanaosema kwamba chombo cha mbao kilichochongwa kwa mkono kina roho ya mchongaji, na kwamba rauta itatuletea vyombo visivyo na mwenyewe. Hisia hiyo inastahili kusikilizwa, kwa kuwa inatetea kitu cha kweli: alama ya tezo kwenye kinu, mkono ulioamua hapa na kuacha pale. Hata hivyo, inajengwa juu ya dhana kwamba ufundi wetu ulikuwa umesimama mahali pamoja mpaka umeme ulipofika. Wakamba walichonga vigoda, fimbo na miko kwa matumizi yao tangu zamani, lakini biashara ya vinyago inayowatambulisha leo kwa watalii inahusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kurudi nayo nyumbani. Kile tunachokiita utamaduni wa kale kina takriban karne moja, na kilizaliwa kwa kuazima. Mafundi wa Pwani nao walikereza miguu ya vitanda na viti kwa vizazi, na kukereza ni kazi ya mashine, hata kama mashine yenyewe inaendeshwa kwa upinde na kamba. Hakuna aliyesema kitanda cha Lamu hakina mwenyewe kwa sababu mguu wake ulizungushwa.

Kuhusu kufanana kwa vyombo, lawama inawekwa mahali pasipo pake. Ukipita soko lolote la vinyago kutoka Mwenge jijini Dar es Salaam hadi Mombasa utakuta safu za twiga na vifaru vilivyochongwa kwa mkono na vinavyofanana kabisa, kwa sababu mnunuzi mkubwa aliagiza mia mbili za aina moja. Kufanana huletwa na agizo na woga wa kujaribu. Kiolezo ni kipande cha plaiwudi. Fundi anaweza kukata kipya kwa asubuhi moja, akabuni umbo ambalo halipo popote. Na kwa kuwa masalia hayafanani rangi, fundo wala nyuzi, mabakuli mawili yaliyotoka kwenye kiolezo kimoja hayatakuwa pacha. Kwa upande wa mchongaji, rauta inaweza kumwachia kazi iliyo bora. Kutoa mbao ya katikati ni sehemu ya kazi yenye jasho jingi na sanaa kidogo. Mashine ikiifanya hiyo, mkono unabaki na nguvu ya kuchonga ukingo, mshikio na nakshi, ambako jicho la mnunuzi hutua na ambako jina la mchongaji hujengwa.

Vumbi, kelele na vidole

Kipingamizi cha usalama kina uzito kuliko kile cha utamaduni, na hakijibiwi kwa maneno matamu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Vumbi la mvule na la mitiki huwasha ngozi na kukera njia ya hewa kwa watu wengi. Kelele ya rauta inaweza kufikia desibeli 100. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda upunguzwe nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15. Fundi anayechimba kutwa bila kuziba masikio anauza usikivu wake pamoja na trei. Biti isiyokazwa vizuri inaweza kutoka ikiwa kwenye kasi kubwa, na ubao mdogo usiobanwa hurushwa kama jiwe la kombeo.

Haya yote yana kinga, na nyingi si za gharama kubwa: miwani, vizibo vya masikio, barakoa ya vumbi iliyo ya kweli wala si kitambaa, vibanio viwili badala ya kimoja, plagi kuchomolewa kabla ya kubadili biti, na kipande kidogo kubandikwa kwanza kwenye ubao mkubwa ndipo kichimbwe. Kufanya kazi nje ya chumba kilichofungwa, upepo ukimpiga fundi mgongoni, hupunguza vumbi analovuta. Ukweli ni kwamba mashine hizi zimeshaenea kwenye karakana, na zinatumiwa kila siku kwenye kingo za milango bila kinga hizo. Kwa hiyo kuikataa kazi ya mabakuli hakumwokoi fundi yeyote. Kinachomwokoa ni mafunzo, na kazi inayohitaji mikato mingi midogo na utulivu, kama hii, ni mahali pazuri pa kuyafundishia.

Upo pia wasiwasi wa mtaji na umeme. Rauta haifanyi kazi umeme ukikatika, na biti nzuri zenye ncha za kabaidi si rahisi kupatikana nje ya miji mikubwa. Lakini kwa fundi ambaye tayari ana mashine, anachoongeza ni biti moja ya bakuli, kipande cha plaiwudi na muda wa kujifunza. Malighafi anayo sakafuni. Kazi za useremala pia zina misimu, na vyombo vidogo vinaweza kutengenezwa siku ambazo hakuna agizo la kitanda wala kabati. Kazi hiyo haimlazimu kukopa wala kuhamia eneo jipya.

Swali la soko limebaki: nani atanunua trei ya mbao wakati sinia la bati na sahani ya plastiki ni bei rahisi? Si kila mtu, na fundi asijidanganye kwamba atashindana nazo kwa bei. Wanunuzi wake ni hoteli, migahawa, wanaotafuta zawadi za harusi, na nyumba zinazotaka kitu cha kudumu. Wapo wanaohofia usafi, wakiamini mbao hufuga vijidudu. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Dean Cliver akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya majaribio ya vibao vya kukatia nyama: bakteria waliowekwa juu ya mbao walishindwa kupatikana tena juu yake baada ya muda mfupi, na plastiki iliyochanjwa na visu ilikuwa ngumu kusafisha. Utafiti huo ulihusu vibao vya kukatia, wala haumpi mtu ruhusa ya kutoosha bakuli, lakini unatosha kuiondolea mbao sifa mbaya isiyostahili. La kuangaliwa zaidi ni kile kinachopakwa juu. Vanishi ya samani haifai penye chakula ikiwa haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mafuta ya alizeti hubaki na unyevu na kuchacha. Nta ya nyuki ikiyeyushwa pamoja na mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa chakula hutoa kinga nzuri inayoweza kurudiwa nyumbani, na nta hiyo Tabora na Kitui wanayo.

Yanayotakiwa basi yanajulikana. Vyuo vya VETA nchini Tanzania na vyuo vya ufundi vya Kenya vifundishe utengenezaji wa violezo, upangaji wa masalia na kinga za mashine kama somo kamili la useremala, visiishie kwenye mlango na dirisha. SIDO, ambayo imekuwa ikihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, isaidie vikundi vya mafundi kumiliki kwa pamoja tanuru dogo la kukaushia, kwa kuwa ubao usiokauka huharibu kazi ya mashine bora kuliko zote. Mafundi wenyewe waandike chini ya kila chombo jina la mti na ulikotoka: mwembe wa shambani, masalia ya mlango wa mninga, mitiki ya Longuza. Na mnunuzi, wa hoteli au wa nyumbani, aulize swali hilo kabla ya kuuliza bei, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama trei aliyoishika imeokoa mbao au imeipoteza. Pale mti unapotajwa na masalia yanapotumika, rauta inastahili kukaribishwa bila hofu. Pale ambapo fundi hawezi kueleza ubao wake umetoka wapi, kasi ya mashine hiyo ni hatari kwa misitu iliyobaki, na mnunuzi mwenye busara arudishe chombo mezani.